Mwongozo kamili: jinsi ya kuacha kuingilia kila jambo la wafanyakazi wako ili biashara ikue

Iko hali moja inayoidumaza biashara hata pale wateja wapo na mtaji upo: kila uamuzi, mkubwa kwa mdogo, unapita mikononi mwa mtu mmoja. Barua pepe haiendi kwa mteja mpaka bosi aisome. Bango linabadilishwa rangi mara nne. Mtu aliyeajiriwa kwa ujuzi wake anaelekezwa aanze na faili gani na amalizie kwa sentensi ipi. Mwenye biashara anayefanya hivyo mara nyingi ni mtu anayeipenda kazi yake, aliyeijenga kwa jasho, na anayeogopa kuiona ikiharibikia mikononi mwa mwingine. Namwandikia yeye. Ushauri wa "waamini watu wako" amekwisha kuusikia. Anachokosa ni mahali pa kuanzia.

Hasara inaanzia kwenye foleni

Tufanye hesabu. Una wafanyakazi 8. Kila mmoja anakuletea mambo 5 kwa siku uyaidhinishe, na kila jambo linakula dakika 10 za kusoma, kuuliza, kurekebisha na kujibu. Jumla ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 katika siku ya kazi ya saa 8. Utasema bado unao muda. Lakini zipo hesabu za foleni, ambazo mwanahisabati wa Denmark A. K. Erlang alizifungulia njia mwaka 1909 akichunguza mawasiliano ya simu, na hizo zinaonyesha kwamba muda wa kusubiri hupanda kwa kasi kubwa kuliko wingi wa kazi. Ukiwa na shughuli kwa nusu ya muda wako, jambo la dakika 10 linakusubiri kwa wastani dakika 10. Ukifika asilimia 83, kama katika mfano huu, linasubiri dakika 50. Ukifika asilimia 90, dakika 90. Hivyo ndivyo inavyokuwa maswali yanapokuja bila mpangilio, moja fupi na jingine refu, kama yanavyokuja katika kazi nyingi.

Sasa ajiri watu 2 zaidi. Maswali ya siku yanahitaji dakika 500, na siku ya kazi ina 480. Foleni haitaisha tena, hata usipofanya jambo jingine lolote: usitafute mteja, usifikirie bidhaa mpya, usile. Hapa ndipo mwenye biashara anaposhangaa kwamba ameongeza watu na kazi imezidi kuchelewa. Kisha anahitimisha kuwa amepata wazembe, anaongeza ukaguzi, na foleni inarefuka zaidi.

Mshauri wa uongozi V. A. Graicunas alilitazama tatizo hilo kwa upande mwingine mwaka 1933. Alihesabu mahusiano yote ambayo msimamizi anaweza kulazimika kuyafuatilia: kati yake na kila mtu, kati ya watu wenyewe, na kati ya makundi yao. Kwa watu 5 alipata 100. Kwa 6, yakafika 222. Si kila uhusiano unadai muda kila siku, lakini mtu anayetaka kujua nani kamwambia nani nini ajue kwamba mfanyakazi mmoja tu akiongezeka, mzigo huo unaweza kuzidi maradufu.

Hasara ya pili iko ndani ya watu

Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi wa Marekani Frederick Taylor alieneza wazo la kutenganisha kufikiri na kutenda: msimamizi apange kila hatua, mfanyakazi aitekeleze. Mfano aliopenda kuutoa ulikuwa wa watu waliobeba vipande vya chuma kuvipakia kwenye mabehewa, kazi ambayo kila mwendo unaweza kupimwa kwa saa. Kuzungumza na mteja aliyekasirika hakupimwi hivyo. Wala kuandika, kubuni, kufundisha au kutafuta chanzo cha hitilafu. Katika kazi hizo, anayeelekezwa kila hatua hupoteza upesi kile hasa ulichomwajiria.

Na hukipoteza kwa akili kabisa. Akigundua kuwa chochote atakacholeta kitabadilishwa, ataleta rasimu mbovu, maana kwa nini ajichoshe? Akigundua kuwa kila kosa linazaa ukaguzi mpya, atalificha kosa mpaka likue. Wenye ujuzi mkubwa huondoka kwanza kwa kuwa wanao pengine pa kwenda, na wanaobaki ni wale wanaoweza kuishi bila kuamua lolote. Kisha bosi anawatazama na kusema, "Mnaona? Nisipokuwepo hakuna kinachokwenda." Ni kweli, na ni yeye aliyewazoesha hivyo.

Afya nayo imo. Uchunguzi wa muda mrefu wa watumishi wa serikali ya Uingereza uitwao Whitehall II, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha kwamba watu wenye uhuru mdogo juu ya kazi yao walipatwa zaidi na maradhi ya moyo. Msimamizi anayembana mtu kila saa anagusa zaidi ya hisia zake.

Hatua ya 1: Andika kila kinachopita kwako kwa wiki moja

Chukua daftari au jedwali la kompyuta lenye safu nne: nani ameuliza, ameuliza nini, umejibu nini, na je, jibu lako limebadilisha kitu cha maana? Andika pia zile mara ulizoingilia bila kuulizwa: ulipofungua faili la mtu, ulipopiga simu kuuliza "umefikia wapi?", ulipodai kuingizwa kwenye kila barua pepe. Waambie wafanyakazi unachokifanya ili wasidhani unawatafutia makosa.

Mwisho wa wiki, yagawe mambo hayo katika mafungu matatu. La kwanza ni yale uliyoyakubali kama yalivyokuja. La pili ni yale uliyoyabadilisha kwa sababu wewe ungeyafanya kwa namna nyingine. La tatu ni yale ambayo usingeyashika, hasara ya kweli ingetokea. Katika fungu la pili kuwa mkali na nafsi yako. Kubadilisha "tunashukuru" kuwa "tunakushukuru sana" ni ladha tu. Hata kubadilisha mpangilio wa ripoti ambayo msomaji wake angeielewa vilevile ni ladha.

Fungu la kwanza liachie mara moja, wiki ijayo. Linahitaji tangazo tu, halihitaji mpango. La pili ndilo gumu, kwa sababu ndani yake mmelala fahari yako.

Hatua ya 2: Itaje hofu yako kwa jina

Watu huingilia kazi za wengine kwa sababu tofauti, na kila sababu ina dawa yake. Ukiogopa kupoteza fedha, unachohitaji ni kikomo cha matumizi kilichoandikwa. Ukiogopa kwa kuwa mfanyakazi fulani alishawahi kukuangusha, hilo ni jambo la kuzungumza naye ana kwa ana. Usiwaadhibu wengine saba kwa kosa la mmoja. Ukiogopa kwa kuwa hujui kinachoendelea, unahitaji taarifa fupi zenye siku maalumu.

Ipo sababu nyingine ambayo wengi hawaitaji: ulikuwa fundi hodari kabla hujawa kiongozi, na kazi ya fundi bado inakupa raha kuliko kazi ya kuongoza. Sioni aibu katika hilo. Jitengee sehemu ya kazi ya ufundi iwe yako rasmi, yenye tarehe na wajibu kama ya mtu mwingine yeyote, kisha uziache za wenzako.

Hatua ya 3: Pima uamuzi, usimpime mtu kwanza

Wengi huanza kwa kujiuliza "nani anaaminika?" na hukwama hapo, kwa sababu jibu linategemea walivyoamka siku hiyo. Anza na uamuzi wenyewe, uuwekee maswali mawili. Kosa likitokea litagharimu kiasi gani? Na je, linaweza kurekebishwa?

Uamuzi ambao kosa lake ni dogo na hurekebishika, kama maneno ya tangazo la mtandaoni, zamu za wiki, au mpangilio wa stoo, usiuguse tena. Ambao kosa lake ni dogo lakini halirudi nyuma, kama jibu kwa mteja mmoja, uachie pamoja na mifano michache ya majibu mazuri. Ambao kosa lake ni kubwa lakini linarekebishika, kama kujaribu msambazaji mpya, uachie kwa kipimo: oda ndogo kwanza, kisha mkae muangalie. Unaobaki ni ule wenye kosa kubwa lisilorudi, kama mkataba wa miaka kadhaa, kumfukuza mtu kazi, au jambo linalogusa usalama wa watu. Huo baki nao, na ubaki nao bila kuona haya. Kwenye daftari lako la wiki utaona ni mambo machache mno.

Hatua ya 4: Kabidhi uamuzi pamoja na kazi

Hapa ndipo juhudi nyingi za kukasimu madaraka zinapoharibika. Bosi anatoa kazi lakini anabaki na uamuzi, hivyo mfanyakazi anapata mzigo wote na kurudi mlangoni kwake mara kumi. Au bosi anatoa vyote bila kueleza chochote, kisha baada ya wiki tatu anakasirika kwamba matokeo si yale aliyokuwa nayo kichwani. Kukabidhi vizuri kunataka maandishi mafupi yenye mambo manne: matokeo yanayotakiwa, mamlaka anayopewa, mipaka, na siku ya kukutana. Mfano:

"Kuanzia Jumatatu, malalamiko ya wateja kuhusu oda zilizochelewa ni yako. Tunataka kila mteja ajibiwe ndani ya saa 4 na tatizo lake limalizwe ndani ya siku 2. Unaweza kumrudishia mteja fedha yote ya oda, kumpa punguzo la hadi asilimia 15 kwa oda inayofuata, au kumtumia bidhaa nyingine, bila kuniuliza. Niite endapo mteja ametaja mahakama, endapo mtu ameumia, au endapo malalamiko ya aina moja yamefika 3 ndani ya wiki. Kila Ijumaa tutakaa dakika 20 tuyapitie."

Tazama kisichokuwemo: namna ya kuzungumza na mteja, mpangilio wa siku, maneno ya kutumia. Hayo ni yake. Tazama pia kwamba masharti ya "niite" yanahesabika. Ukiandika "niite kukiwa na jambo kubwa", atakuita kwa kila jambo, au hatakuita kabisa. Hajui "kubwa" yako inaanzia wapi.

Baada ya kuandika, mwombe akueleze kwa maneno yake alivyoelewa. Kisha watangazie wengine. Mamlaka ambayo wenzake hawayajui hayamsaidii, kwa sababu wataendelea kumruka na kuja kwako.

Hatua ya 5: Panda ngazi, usiruke

Aliyezoea kuidhinishwa kila kitu kwa miaka hawezi kuamka kesho akiamua peke yake, na ukimtupa ghafla atayumba, nawe utapata sababu ya kurudi ulikotoka. Mpitishe kwa ngazi. Kwanza anakuletea hali ilivyo pamoja na pendekezo lake, na wewe unaamua. Kisha anakuletea uamuzi alioufikia, nao unasimama usipoupinga kufikia saa fulani. Kisha anaamua na kukuarifu. Mwishoni anaamua, na wewe unaona matokeo tu kwenye taarifa ya mwezi.

Ngazi inafuata kazi husika, haifuati cheo. Paul Hersey na Ken Blanchard walipotoa mtazamo wao wa uongozi mwaka 1969, kiini chake kilikuwa hicho: kiasi cha maelekezo kilingane na uwezo na utayari wa mtu kwa kazi aliyo nayo mkononi. Mhasibu wako anaweza kuwa ngazi ya juu kabisa kwenye ankara na ngazi ya chini kwenye kumpigia simu mdaiwa sugu. Mwambie waziwazi yuko wapi kwa kila jambo, na afanye nini ili apande.

Katika ngazi ya kwanza, zuia ulimi wako. Akija na swali bila pendekezo, muulize, "Wewe ungefanya nini?" kisha nyamaza mpaka ajibu. Kimya hicho kitakuwa kirefu mwanzoni. Pendekezo lake likiwa zuri kwa kiasi cha kutosha, lipitishe hata kama lako lilikuwa bora kidogo.

Hatua ya 6: Angalia kwa ratiba

Kuacha kubana hakumaanishi kuacha kuangalia. Tofauti kubwa iko kwenye wakati: ukaguzi uliopangwa mfanyakazi anauandalia kazi yake, ukaguzi wa kuvizia unamfanya aandae utetezi. Chagua vipimo vichache vinavyoonyesha afya ya kazi, visivyozidi vinne kwa kila mtu. Kwa huduma kwa wateja inaweza kuwa muda wa kujibu, malalamiko yaliyorudi mara ya pili, na fedha zilizorejeshwa. Mfanyakazi avijaze mwenyewe na awe wa kwanza kuviona.

Katika kikao cha wiki uliza mambo matatu: nini kimekwenda, nini kimekwama, na unahitaji nini kutoka kwangu. Swali la tatu ndilo kazi yako halisi. Jambo likikujia kichwani Jumanne, liandike lisubiri Ijumaa, isipokuwa limevuka mipaka mliyokubaliana. Utaona mengi yamekwisha kutatuliwa kabla ya siku kufika.

Programu zinazohesabu mibonyezo ya kibodi au kupiga picha za skrini sizipendekezi. Zinapima mwendo wa vidole, na watu hujifunza haraka kuvichezesha.

Hatua ya 7: Jiandae kwa kosa la kwanza

Litakuja. Namna utakavyolipokea itaamua kama hatua sita zilizotangulia zilikuwa na maana, kwa sababu wafanyakazi wote watakuwa wanakutazama wewe kuliko aliyekosea.

Kwanza, mwache aliyekosea alirekebishe mwenyewe, labda kama hali imevuka mipaka. Ukilichukua mikononi mwako, umeyarudisha mamlaka bila kusema neno. Pili, kaeni pamoja mjiulize: je, alikuwa na taarifa alizohitaji? Je, mpaka ulikuwa wazi? Je, aliona dalili akaogopa kusema? Mara nyingi utakuta maandishi yako ya hatua ya 4 yalikuwa na pengo. Lizibe, na kazi ibaki kwake. Tatu, usitunge kanuni mpya kwa watu wote kwa sababu ya kosa moja la mtu mmoja.

Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida anaweza kuvuta kamba iitwayo andon anapoona kasoro. Kiongozi wa timu humjia, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari wa uzalishaji husimama. Kampuni hiyo haikuuachia ubora holela. Iliuweka mkononi mwa aliye karibu na kasoro kuliko wote. Lakini kamba hiyo ina faida tu pale anayeivuta anapoitikiwa kwa msaada. Akikaripiwa mara moja, hataivuta tena.

Mahali ambapo kubana kunafaa

Usiondoke na wazo kwamba kila usimamizi wa karibu ni mbaya. Mfanyakazi mgeni anahitaji kushikwa mkono majuma ya mwanzo, na kumwacha peke yake kwa jina la uhuru ni kumtelekeza. Kazi zenye hatari, kama umeme, dawa au mitambo mikubwa, zina taratibu za kufuatwa neno kwa neno. Udhibiti wa fedha nao ubaki: sahihi mbili kwenye malipo makubwa, anayeidhinisha malipo asiwe anayeyaandika, hesabu zipitiwe na mtu mwingine. Taratibu hizo zinamhusu kila mtu sawasawa, wewe ukiwemo, na zinamlinda mfanyakazi mwaminifu asishukiwe.

Na yupo ambaye kazi yake imeshuka. Huyo mfuatilie kwa karibu, lakini mweleze kwa nini, kwa muda gani, na nini kikionekana utalegeza. Bila tarehe ya mwisho, ufuatiliaji wa muda hugeuka kuwa desturi.

Ikiwa wewe ndiye unayebanwa

Huwezi kumbadilisha bosi wako kwa malalamiko, lakini unaweza kumpunguzia hofu. Mpe taarifa kabla hajaiuliza, kwa wakati ule ule kila siku au kila wiki, mpaka asiwe na sababu ya kukupigia. Kisha omba jambo moja, dogo, lenye mpaka na muda. Unaweza kumwandikia hivi:

"Bosi, nimeona oda za vifaa vya ofisi zinakuchukulia muda kila wiki. Naomba nizishughulikie mwenyewe kwa mwezi huu, ndani ya bajeti ile ile. Kila Ijumaa mchana nitakutumia orodha ya nilichonunua na bei zake. Kukiwa na kitu cha nje ya bajeti nitakuuliza kwanza. Mwisho wa mwezi tuangalie kama niendelee."

Peleka hiyo orodha kila Ijumaa hata kama hakuulizi, hata wiki ambayo hukununua kitu. Mwezi ukiisha salama, omba jambo la pili lililo kubwa kidogo kuliko la kwanza.